Mkandarasi kwa Mkataba, Mwajiriwa kwa Kazi: Kisa cha Mhandisi wa Programu wa Ruaka

Katika wiki ya pili ya Aprili 2025, mhandisi mmoja wa programu anayeishi Ruaka, karibu na Nairobi, aliingia kama kawaida katika mkutano wa jioni wa timu yake, na msimamizi wake aliyeko California akamwarifu kwamba kampuni inapunguza gharama na kwamba hatahitajika tena. Angelipwa siku 14, kama mkataba wake unavyosema. Mkutano ulipokwisha, barua pepe yake ya kazini, jukwaa la mazungumzo la kampuni na hifadhi ya programu alizokuwa ameziandika kwa miaka mitatu vilikuwa vimefungwa, na kipakatalishi alichopewa na kampuni kikawa kinalikataa nenosiri lake.

Siku chache baadaye aliniomba nisome stakabadhi alizobaki nazo: mkataba, ankara alizotuma kila mwezi, taarifa za benki, ritani zake za ushuru na picha kadhaa za skrini zilizokuwa katika simu yake. Ameridhia kisa chake kichambuliwe mradi jina lake na la kampuni yasitajwe. Swali analouliza ni moja, nalo linawahusu vijana wengi wa Nairobi wanaozifanyia kazi kampuni za ng'ambo wakiwa sebuleni mwao: je, mtu aliyetia sahihi kwamba ni mkandarasi huru anaweza kudai haki za mwajiriwa? Baada ya kuzisoma stakabadhi hizo, naamini kwamba anaweza, na kwamba dai lake lina nguvu kuliko alivyodhani. Lakini nguvu hiyo imo katika mambo madogo ya kila siku ambayo yeye mwenyewe hakuyahesabu kuwa ushahidi, na mengi ya hayo yamebaki ndani ya akaunti zilizofungwa.

Jinsi kazi ilivyoendeshwa

Alianza Machi 2022 kwa malipo ya dola 2,000 kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kuandika na kutunza sehemu ya mfumo wa malipo unaotumiwa na wateja wa kampuni hiyo huko Marekani. Mkataba haukutaja saa za kazi. Msimamizi ndiye aliyezitaja, kwa ujumbe mfupi katika wiki ya kwanza: awe hewani kuanzia saa 10 jioni hadi saa 6 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Mkutano wa timu ulifanyika saa 3 asubuhi ya California, ambayo ni saa 1 usiku Nairobi. Na kila Novemba, Wamarekani waliporudisha saa zao nyuma, mkutano ukahamia saa 2 usiku hadi Machi iliyofuata. Hakuna aliyemuuliza kama saa hizo zinamfaa, naye hakutarajia kuulizwa.

Siku za mapumziko aliziomba kupitia mfumo ule ule uliotumiwa na wafanyakazi wa Marekani, ambamo msimamizi hukubali au hukataa ombi. Desemba 2022 aliomba wiki moja aende kwao Kakamega, akakataliwa kwa maelezo kuwa timu ina watu wachache wakati wa sikukuu. Alipokubaliwa, siku hizo zilikatwa katika malipo yake. Kila miezi sita alifanyiwa tathmini ya utendaji kazi kwa fomu ile ile waliyojaziwa wenzake walioajiriwa. Katika kila majuma manne, juma moja lilikuwa lake la zamu ya dharura, na mfumo ukileta hitilafu usiku wa manane yeye ndiye aliyeamshwa.

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Mhandisi huyu alikuwa zamuni. Betri na inveta aliyoinunua kwa pesa zake iliendelea kuwasha ruta, lakini intaneti ya mtaa wake ikakatika, kwa hiyo akaunganisha kipakatalishi na simu, akaendelea kwa bando. Picha ya skrini ya mazungumzo ya usiku huo ndiyo stakabadhi ninayoithamini zaidi katika faili lake. Alimweleza msimamizi kwamba taifa zima liko gizani na kwamba angependa kuimalizia kazi hiyo asubuhi. Akajibiwa kwamba zamu ni zamu, kwamba anatakiwa awe hewani hadi mwisho wa saa zake, na kwamba ahakikishe tatizo hilo halijirudii. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa, alielekezwa akafanyie kazi katika ofisi ya kukodisha viti kule Westlands. Kiti alikilipia mwenyewe, pamoja na teksi ya kurudi Ruaka saa 6 usiku.

Mkataba ulivyoandikwa

Mkataba wenyewe ni wa kawaida katika kazi za aina hii. Unasema kwamba yeye ni mkandarasi huru, si mwajiriwa wala wakala. Kwamba hana haki ya likizo, bima wala pensheni. Kwamba ushuru wake atajilipia mwenyewe. Kwamba upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya siku 14. Na kwamba mgogoro wowote utaamuliwa kwa usuluhishi chini ya sheria za jimbo la Delaware. Hadi hapo hakuna la ajabu. Lakini kurasa chache mbele unasema pia kwamba kazi ataifanya yeye binafsi na hataruhusiwa kumkabidhi mtu mwingine, na kwamba hatachukua kazi nyingine yoyote ya kulipwa bila kibali cha maandishi. Aliyeuandika mkataba huo alitaka uhuru uwe wa kampuni na utiifu uwe wa mhandisi, na ndipo maelezo ya ukurasa wa kwanza yanapoanza kupingana na ya mwisho.

Mahakama za Kenya hazijifungi kwa jina ambalo pande mbili zimeupa uhusiano wao. Huangalia mambo kadhaa kwa pamoja: ni nani anayeidhibiti kazi, na je, huamua tu kinachotakiwa au huamua pia namna na saa ya kukifanya, je, mtu huyo ameungana na shughuli za kampuni au ni mtu wa nje anayeleta huduma yake, ni nani anayebeba hasara na kuvuna faida kama mwenye biashara, na je, kuna wajibu unaoendelea wa kampuni kutoa kazi na wa mtu kuifanya. Hakuna kigezo kimoja kinachoamua kila kitu. Jaji huyapima yote kisha akauliza picha nzima inasema nini.

Kuhusu udhibiti, sioni kampuni itajibu nini. Saa ziliwekwa nayo, mapumziko yalikataliwa nayo, na hata mahali pa kukaa paliamuliwa nayo intaneti ilipozorota. Kuhusu kuungana na shughuli za kampuni, alikuwa katika orodha ya zamu pamoja na waajiriwa, na mfumo ukianguka usiku wake, wateja wa Marekani wangemtegemea yeye.

Kigezo cha nani anayebeba hasara kinahitaji uangalifu zaidi, na jibu lake limejificha katika ankara moja. Februari 2023 mhandisi huyu alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, akakosa siku 9 za kazi. Ankara ya mwezi huo ilipunguzwa kwa siku hizo 9 kamili. Yeye anaiona kama dhuluma tu, nami sipingi; lakini kisheria inasema jambo kubwa zaidi. Fundi anayeezeka nyumba asipofika Jumanne, mwenye nyumba hamkati ya Jumanne. Anachodai ni paa lililokamilika kwa siku waliyoafikiana na kwa bei waliyoafikiana. Kampuni iliyokata siku 9 ilikuwa inanunua siku za mtu, na mtu anayenunuliwa siku zake, akapangiwa saa za siku hizo, yuko karibu sana na mwajiriwa. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mwajiriwa aliyetimiza miezi miwili kazini anastahili siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na nyingine 7 kwa nusu malipo katika kila miezi 12. Kwa hesabu hiyo angelipwa siku 7 zote na nusu ya siku 2 zilizobaki.

Yanayompinga

Itakuwa kumdanganya nikisema upande wake hauna nyufa. Mwaka wa 2023 aliitengenezea shule moja ya Kiambu tovuti, akalipwa, bila kuomba kibali. Wakili wa kampuni ataitumia tovuti hiyo kuonyesha kwamba alikuwa mfanyabiashara mwenye wateja zaidi ya mmoja. Nadhani uzito wake ni mdogo, kwa kuwa ilikuwa kazi ya wikendi chache na malipo yake yalikuwa sehemu ndogo tu ya mapato yake ya mwaka, lakini itatajwa, na ni bora aitaje mwenyewe kwa wakili wake kabla ya wengine kuitaja.

Lililo zito zaidi ni ushuru. Kila mwaka ametangaza mapato yake kwa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kama mapato ya biashara, akaondoa gharama za intaneti, stima, inveta na hata kiti cha kukalia. Ritani ni maneno ya mtu mwenyewe mbele ya serikali, na si rahisi kusema upande huu kwamba nilikuwa na biashara na upande ule kwamba nilikuwa na mwajiri. Hata hivyo alikuwa na njia gani nyingine? Kampuni haikumkata ushuru wa mshahara wala haikuwa imejisajili Kenya kama mwajiri. Mtu wa namna hiyo ana mawili: atangaze kama mfanyabiashara au asitangaze kabisa. Alichagua uaminifu, na sidhani jaji atamwadhibu kwa hilo, ingawa wakili wake atalazimika kulieleza mapema na kwa uwazi.

Kuna hoja ya tatu ambayo husikika sana mitaani na ambayo haina uzito: kwamba alilipwa vizuri kuliko wengi wa hapa nyumbani, kwa hiyo asilalamike. Ukubwa wa malipo haubadilishi aina ya uhusiano. Meneja wa benki hulipwa zaidi yake na bado ni mwajiriwa.

Dola, kodi ya nyumba na Sacco

Malipo hayo nayo hayakuwa thabiti kama yanavyoonekana. Alipoanza, Machi 2022, dola moja ilikuwa takriban shilingi 114, kwa hiyo dola 2,000 zilikuwa kama shilingi 228,000. Kufikia Januari 2024 dola ilikuwa imefika takriban 160, na malipo yale yale yakawa shilingi 320,000. Ndipo alipohama kutoka nyumba ya chumba kimoja Kahawa West, aliyokuwa akiilipia 18,000, akachukua ya vyumba viwili Ruaka kwa 45,000, kwa sababu alihitaji chumba cha kufanyia kazi usiku bila kumwamsha mdogo wake anayesoma chuoni. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa takwimu za mwezi ule. Kisha shilingi ikaimarika kwa kasi, na kufikia katikati ya 2024 dola ilikuwa inabadilishwa kwa takriban 130. Malipo yakashuka hadi 260,000, yaani pungufu ya shilingi 60,000 kila mwezi, bila yeye kupunguza hata saa moja ya kazi. Kodi ya nyumba haikushuka. Aliomba malipo yarekebishwe, akaambiwa bei za wakandarasi hupitiwa mara moja kwa mwaka pamoja na zile za wafanyakazi wengine. Jibu hilo, kwa bahati, lilikuja kwa barua pepe yake binafsi na bado analo.

Lakini kinachomnyima usingizi ni Sacco, yaani chama chake cha akiba na mikopo. Mwaka wa 2024 aliomba mkopo wa kununua kiwanja Juja. Akiba yake ilikuwa shilingi 400,000, na kwa kanuni ya Sacco yake ya kukopesha hadi mara tatu ya akiba angeweza kupata 1,200,000. Mwajiriwa wa kawaida angeleta hati ya mshahara na barua ya mwajiri inayoruhusu makato ya moja kwa moja. Yeye hakuwa na hati ya mshahara, na kampuni ilikataa kuandika barua yoyote inayofanana na ya mwajiri. Alipewa mkopo kwa wadhamini wanne, akiwemo shangazi yake ambaye ni mwalimu na rafiki waliyesoma pamoja. Akishindwa kulipa, Sacco itaingia katika akiba za watu hao. Kuitwa mkandarasi, basi, hakukuishia katika karatasi zake na kampuni. Kulihamisha hatari ya kampuni kutoka California hadi kwenye akiba ya mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hajawahi kusikia jina la kampuni hiyo. Hili linanikera kuliko yote yaliyomo katika faili.

Na mwezi wenyewe ulikuwa mbaya. Aprili ni mwezi mzito kwa anayejilipia ushuru: salio la ushuru wa mwaka uliopita hutakiwa kabla ya tarehe 30, na awamu ya kwanza ya ushuru wa mwaka mpya hutakiwa tarehe 20, zikifuatwa na awamu za Juni, Septemba na Desemba. Kwa mapato ya shilingi 260,000 kwa mwezi, ushuru kwa viwango vya 2025 ulizidi shilingi 70,000 kwa mwezi kabla ya kuondoa gharama zozote. Alipofutwa alikuwa na deni la mwaka wa 2024 la kumalizia na awamu ya 2025 ya kulipa kutokana na mapato ambayo yalikuwa yamekoma. Hapo nilimshauri jambo moja la haraka: awamu za mwaka zinaweza kukadiriwa kwa mapato anayotarajia mwaka huu badala ya kuegemezwa kwenye ushuru wa mwaka uliopita, kwa hiyo asilipe kama mtu ambaye bado ana kazi.

Anachoweza kudai

Watu wengi walio katika hali kama yake huanza na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa ndiyo makato wanayoyajua. Kwa kweli hilo ni fungu dogo. Mchango wa mwajiri ni asilimia 6 hadi kikomo kilichowekwa, na kwa kipato chake ungekuwa shilingi 2,160 kwa mwezi kuanzia Februari 2024 na 4,320 kuanzia Februari 2025. Tozo ya nyumba ya mwajiri, asilimia 1.5, ingekuwa kama shilingi 3,900 kwa mwezi. Bima ya afya ya SHA, asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024, hukatwa kwa mfanyakazi mwenyewe.

Fungu kubwa liko kwenye namna alivyoachishwa. Kampuni yenyewe ilisema inapunguza gharama. Mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu hiyo anatakiwa na Sheria ya Ajira kumpa mfanyakazi na afisa wa leba notisi ya angalau mwezi mmoja, kuonyesha alivyomchagua anayeondoka kwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu, na kulipa si chini ya malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Amekamilisha miaka mitatu, kwa hiyo ni siku 45, sawa na shilingi 390,000. Notisi alilipwa siku 14 badala ya mwezi, pengo la siku 16, kama shilingi 139,000. Likizo ya kila mwaka ni siku 21 za kazi kwa malipo, na hakuwahi kupata hata moja. Lakini ya miaka ya mwanzo itapingwa, kwa kuwa sheria inataka likizo iliyosogezwa mbele ichukuliwe ndani ya miezi 18 baada ya mwisho wa kipindi kilichoizaa. Ya mwaka wa mwisho peke yake ni karibu malipo ya mwezi mzima. Ukijumlisha haya matatu unakaribia shilingi 780,000, yaani kiasi cha dola 6,000.

Juu ya hayo, mahakama ikiona kwamba aliachishwa isivyo haki, inaweza kumpa fidia ya hadi malipo ya miezi 12, ambayo kwake ni shilingi 3,120,000. Nilimwomba aiandike takwimu hiyo pembeni na asiipangie matumizi. Hicho ni kikomo cha juu, na majaji hukifikia kwa sababu nzito tu.

Umbali wa California

Kifungu cha Delaware kilimtia hofu kuliko vingine vyote. Aliamini kwamba kampuni isiyo na ofisi Kenya haiwezi kushtakiwa Kenya. Imani hiyo imepata pigo mahakamani. Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa mkaguzi wa maudhui ya Facebook jijini Nairobi, aliwasilisha kesi dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, na kampuni ya Sama iliyomwajiri. Meta ilidai kwamba haina makao wala biashara Kenya na kwamba mahakama ya hapa haina mamlaka juu yake. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba ilikataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikatupilia mbali rufaa ya Meta.

Hata hivyo sitaki mhandisi huyu aisome hukumu hiyo kana kwamba ni yake. Wakaguzi wale walifanya kazi katika jengo la Nairobi, chini ya kampuni iliyokuwa na ofisi hapa, na kulikuwa na mtu wa kumkabidhi hati za mahakama. Yeye alifanya kazi nyumbani kwake, kwa kampuni ambayo haina hata meza nchini. Atahitaji idhini ya mahakama ili kuipelekea hati huko Marekani, na akishinda, kuitekeleza hukumu hiyo California ni safari nyingine yenye mawakili wengine na gharama nyingine. Kwa hiyo mamlaka ya mahakama yetu ni silaha halisi, lakini faida yake kubwa kwake iko katika majadiliano: kampuni inayouza huduma za malipo haipendi kueleza kwa wateja na wawekezaji wake kwa nini imeshtakiwa Nairobi.

Ushahidi uliofungiwa

Swali gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni la ushahidi. Maombi ya mapumziko yaliyokataliwa, tathmini za kila miezi sita, orodha za zamu na ujumbe wa kwanza uliompangia saa vyote vimo katika mifumo ya kampuni. Alicho nacho mkononi ni picha chache alizozipiga kwa sababu nyingine kabisa. Ile ya usiku wa giza aliipiga ili amwonyeshe dada yake jinsi alivyojibiwa.

Hapa ndipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inapomfaa, nayo hutajwa mara chache katika mizozo ya kazi. Inampa mtu haki ya kupata taarifa zake binafsi zilizo mikononi mwa anayezihifadhi, na inawahusu hata walio nje ya Kenya iwapo wanachakata taarifa za watu walioko Kenya. Tathmini ya utendaji wake ni taarifa yake binafsi. Rekodi za kuingia na kutoka kazini ni taarifa zake. Maombi yake ya mapumziko na majibu yake, vivyo hivyo. Tuliiandikia kampuni ombi la kurasa mbili, likitaja kila aina ya rekodi na kipindi chake, bila kutaja neno kesi. Kampuni isipojibu, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inamtaka akamilishe uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90. Programu zenyewe alizoziandika ni mali ya kampuni na hatukuziomba. Kuziomba kungeipa kampuni sababu ya kukataa ombi lote.

Pia nilimshauri asijaribu kufungua kipakatalishi kile kwa njia za mkato, ingawa anazo. Kinatakiwa kurudishwa, na kikirudishwa kikiwa kimechezewa, mjadala utahama kutoka haki zake hadi mienendo yake. Alikipiga picha kikiwa na kibandiko cha nambari ya mali ya kampuni, akakituma kwa kampuni ya usafirishaji, akahifadhi risiti.

Pendekezo la kampuni

Mwishoni mwa Mei, baada ya barua ya wakili wake, kampuni ilipendekeza kumlipa mwezi mmoja zaidi, dola 2,000, mradi atie sahihi hati ya kuachilia madai yote. Katika hati hiyo kuna kifungu kinachomtaka akiri kwamba hakuwahi kuwa mwajiriwa wa kampuni wakati wowote.

Kodi ya nyumba ya Juni ilikuwa mlangoni na awamu ya Sacco vilevile, na kishawishi cha kutia sahihi kilikuwa kikubwa. Sikumwambia akatae pesa. Kesi ya miaka miwili au mitatu kwa mtu asiye na mshahara ni mzigo ambao ni rahisi kuupendekeza kwa anayebaki na kazi yake. Nilichomsihi ni kwamba asikubali kiasi hicho wala kifungu hicho. Kiasi, kwa sababu hakifikii hata malipo ya siku 45 ambayo ndiyo sehemu iliyo wazi zaidi ya dai lake. Kifungu, kwa sababu hakimwongezei yeye senti moja, ilhali Wakenya wawili waliobaki katika timu hiyo wana mkataba wa maneno yale yale, na siku watakapoondolewa wao, hati yenye sahihi yake ndiyo itakayowekwa mezani mbele yao. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu alipoachishwa, kwa hiyo presha iliyopo ni ya kodi ya nyumba na ya Sacco tu, nasi tulianzia huko: mwenye nyumba amekubali kuikata kodi ya Juni katika amana yake, na Sacco imempa miezi mitatu ya kulipa riba pekee, baada ya yeye kwenda mwenyewe pamoja na shangazi yake kabla hajachelewa hata awamu moja.

Wakili amejibu kwa kuomba dola 6,000, kifungu cha kukiri kiondolewe, na barua ya utumishi inayotaja tarehe alizofanya kazi na majukumu aliyokuwa nayo. Wakiafikiana, malipo hayo yatakuwa mapato ya 2025 na yatatakiwa kutangazwa katika ritani ya kabla ya tarehe 30 Juni 2026, na jinsi yatakavyoitwa katika hati ya makubaliano ndiyo itakayoamua yatangazwe katika fungu gani. Kampuni imeomba muda hadi mwisho wa mwezi ili ijibu.